Uzinduzi wa Nyumba ya Maneno ya Utundu, Grimbleshaw

Mheshimiwa Meya na mkufu wako, Mheshimiwa Naibu Meya na mkufu wako mdogo, Kasisi, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Mabenchi, wadau wote wa utundu, na ninyi wananchi wa Grimbleshaw mliopanga foleni kwenye mvua tangu saa mbili bila hata mmoja kuuliza foleni ni ya nini: mimi, Diwani Clement Hebblewhite, nawasalimu. (Makofi ya glavu.)

Utafiti uliofanywa na ofisi yangu, na kupongezwa na ofisi yangu, umebaini kwamba asilimia sitini na tatu ya vijana wetu husukumana kwenye korido wasijue kuwa hiyo ni “horseplay”, na kwamba wazee wanne kati ya watano, wanapofichiana meno ya bandia, hawatofautishi “tomfoolery”, ambayo ni upuuzi mtupu, na “shenanigans”, ambayo lazima iwe na mpango na mtu wa kulinda mlango. (Kicheko.) Ndiyo maana, kwa mchakato shirikishi nilioushiriki peke yangu, tulifunga maktaba ili tupate Nyumba hii. (Sauti: “Maktaba ilikuwa na paa, Hebblewhite.”) Paa, ndugu yangu, limo katika awamu ya tatu.

Sasa namkaribisha Bi Olive Entwistle, mkutubi wetu wa zamani, aliyekusanya maneno haya kwenye kadi kwa miaka arobaini, mengine kutoka kwa wachimba makaa ambao sasa wote wamezikwa. Nakala nyingine hakuna. Leo anatukabidhi sanduku zima ili tulihifadhi milele. (Bi Olive anasogea, amelifunika kwa koti lake. “Clement, mwanangu, fungua mlango kwanza. Kadi zinalowa.”)

Utundu kwa wote! Upuuzi wenye tija! (Wachache wanaitikia.)

Kuhusu mlango, namshukuru kwa dhati mchoraji wetu, Bwana Sutcliffe, aliyeuchora kwenye turubai hili kwa ustadi hata mimi mwenyewe asubuhi nilibisha hodi mara mbili, kabla ya kukumbuka kwamba nyuma yake ni kiwanja cha nyasi, na kwamba Nyumba yenyewe hatujaiombea hata kibali. (Bi Olive analikumbatia sanduku, anachomoa kadi tupu, anaandika.)

Naambiwa anaandika jina langu. Anasema katika kadi elfu moja na mia mbili hana neno la jambo kama hili, basi kuanzia leo litaitwa “hebblewhite”. (Kicheko kirefu.)

Ndugu zangu, nimeguswa. Sikutarajia heshima kubwa namna hii. Asanteni sana.