Punda wa Jumapili ya Matawi

Alhamisi, 30 Machi

Hatimaye Baba amesema! Ana miaka themanini na mmoja, magoti yamekwisha, na shamba lazima lipate mwenyewe mmoja. Mimi au Zenzi. Atakayeleta mezani sahani ya kwanza ya asparaga, yale machipukizi meupe tunayoyachimba tutani, mchana wa Pasaka ndiye atakayekabidhiwa funguo. Kila mtu na matuta yake kumi, kila mtu na mikono yake, hakuna kusaidiwa.

Mimi, Korbinian, kifungua mimba, niliyelima hapa miaka thelathini na mmoja, nashindanishwa na dada mdogo aliyerudi juzi kutoka mjini na talaka na paka! Na nani kapewa shamba la juu, linaloota jua tangu asubuhi? Zenzi. Mimi nimetupiwa la bondeni, kando ya kijito, kwenye ubaridi. Nimelalamika asubuhi, mchana na jioni. Baba kasema mlalamishi hata peponi ataona kiti kigumu.

Ijumaa, 31 Machi

Nimepata! Matuta yote yamefunikwa nailoni, upande mweusi juu. Mweusi hunywa jua, udongo hupata joto, asparaga hukimbia. Ukiigeuza, upande mweupe hulifukuza jua na asparaga hulala. Kila mtoto wa hapa Bavaria anajua hilo.

Jumapili ya Matawi wote watakuwa kanisani. Nitageuza ya Zenzi na kusingizia upepo. Kwa vile vidole vyake vya ofisini, atahitaji wiki nzima kuyarudisha.

Jumamosi, 1 Aprili

Nimekwenda mjini kununua suti ya kupokelea funguo. Kijani, vifungo vya pembe. Jioni nimeanza kuumwa tumbo, maana ugonjwa wa kuaminika huanza siku moja kabla. Sikwenda mezani. Baba amekuja mlangoni kunieleza jambo refu kuhusu mashamba. Nikaguna kwa nguvu mpaka akaondoka. Mimi ni mwigizaji!

Jumapili, 2 Aprili

Kwetu, anayechelewa kuamka leo huitwa Punda wa Matawi kutwa nzima. Zenzi kapita mlangoni akigonga sufuria: "Kaka! Mwaka huu punda ni wewe!" Cheka tu, mama, cheka.

Gari lilipotoka nikapanda hadi shamba la juu. Matuta kumi! Ile nailoni ina mifuko ya mchanga pembeni, nzito kama mlevi. Nimegeuza yote. Nimerudi chini ya blanketi dakika tano kabla hawajaingia uani.

Mchana nikapona kidogo, nikashuka kula. Baba akaniuliza kama nimefurahi. Nifurahi nini? Kumbe jana Zenzi alimwomba tubadilishane. Alimwambia kaka ameumia mno na lile shamba la baridi, basi apewe la juu, yeye atachukua la bondeni. Baba alikuja kunieleza yote mlangoni. Nilikuwa naguna.

Nimegeuza matuta yangu mwenyewe. Supu imenishinda.

Jumatatu, 3 Aprili

Baba ameona weupe kule juu. Nimesema ni upepo. Kauliza ni upepo gani huo unaojua kupanga mifuko ya mchanga. Nimeinama kugeuza tuta la kwanza, mgongo ukalia ka! Zenzi kanirudisha nyumbani kwa toroli, nimelala chali, majirani wakitazama.

Alhamisi, 6 Aprili

Siku tatu kitandani. Zenzi ananipaka dawa ya farasi mgongoni na kuniuliza kama inauma. Inauma! Wema wake ndio unaouma. Angekuwa mbaya ningelala vizuri. Leo nimegeuza matuta manne kwa kutambaa, na jua lenyewe limejificha tangu asubuhi.

Jumapili, 9 Aprili, Pasaka

Sahani imekuja. Asparaga kumi na mbili, nyeupe, nono, kutoka bondeni. Kwenye matuta yangu nimechimba mpaka kiwiko, nikapata mbili nyembamba kama penseli. Suti inabana kwapani.

Kisha Ruxandra akafungua kinywa. Huyu mama wa Kirumania huja kutuvunia kila masika, mwaka wa kumi na tano sasa. Ni Mwothodoksi. Matawi yao ni leo, si Jumapili iliyopita! Mbona sikulifikiria hilo? Siku ile alibaki, akiketi mlangoni pa ghala akimenya viazi, akaniona mwanzo mwisho.

Nikajua nimekwisha. "Mzee," akasema, "huyu mgonjwa alijitoa kitandani, akageuza matuta yake yote ili dada yake atangulie. Haki ya Mungu, nililia."

Baba akatoa leso. Akasema wiki nzima hakulala, akiwaza atanitazamaje machoni nikishindwa. "Kumbe mwanangu uliliachia mwenyewe. Maisha yako yote nimekudhania vibaya." Akanibusu kwenye paji la uso. Nina miaka hamsini na minne, na hajawahi kunibusu! Na busu lenyewe si langu.

Ningefanyaje? Nikisema kweli, napoteza shamba na busu. Nikinyamaza, napoteza shamba tu. Nimenyamaza. Funguo zikavuka meza zikaenda kwa Zenzi.

Yeye peke yake hakulia. Kaniwekea sahanini ile asparaga nono kuliko zote, akaninong'oneza: "Shukrani ya punda ni mateke. Lakini kula, kaka." Nimekula. Ilikuwa tamu, na utamu wake umenichoma.

Jumatatu, 10 Aprili

Nimetafakari kwa makini. Makosa yalikuwa matatu: Baba kuongea kwa sauti ndogo, Zenzi kuwa na huruma, na Ruxandra kuwa na macho. Kwa upande wangu sioni kasoro.

Baba sasa anasema trekta jekundu la babu litakuwa la yule atakayenyoosha vizuri zaidi mistari ya viazi. Zenzi ameshapigilia vigingi vyake vya kunyooshea mistari. Jumapili ijayo atampeleka Baba kwa shangazi, na Ruxandra atakwenda kwenye Pasaka yao. Safari hii nimeangalia kalenda.

Tumbo litaanza kuniuma Jumamosi jioni.