Kikanisa cha Kuabudu Nyuma ya Kilabu Changu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimelala vibaya. Nimeamka vibaya zaidi. Jana, baada ya Misa ya Pentekoste, Padre Melkizedek alitangaza kwamba stoo ya zamani ya parokia itageuzwa kikanisa cha kuabudu Ekaristi Takatifu. Alisema hapa Mikumi malori yananguruma mchana kutwa, watu wanahitaji mahali pa kukaa kimya na Yesu. Makofi! Vigelegele! Mke wangu Oliver alipiga kuliko wote.

Stoo hiyo imepakana na kilabu changu cha pombe ya mtama. Katikati kuna ua wa minyaa tu. Upande huu wateja na spika, upande ule Bwana wetu na kimya chake.

Kisha akasimama Budeba. Huyu ndiye mwenyekiti wa ujenzi, mkulima wa mpunga aliyehamia kutoka Shinyanga, mtu wa maneno machache na mabega mapana. Hakunitaja. Alisema tu kwamba suala la majirani wa kikanisa litaangaliwa. Kanisa zima likageuka kuniangalia mimi.

Kikanisa kitafunguliwa Jumapili ya tarehe 22, sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo. Kikifunguliwa, kilabu kitafungwa. Kilabu kikifungwa, mimi Ditram nitakuwa nani? Mzee wa kukaa kibarazani kusubiri chakula. Ninaogopa sana.

Mpango: kuingia kwenye kamati na kuiharibu nikiwa humo humo ndani.

Jumatano, 11 Juni

Nimeingia kwenye kamati. Imekuwa rahisi mno, nikaingiwa na hofu. Nilipendekeza kikanisa kijengwe karibu na shule. Budeba akasema watoto wana kelele kuliko walevi. Wakacheka. Nikapendekeza tusubiri mwakani. Wakacheka tena. Kwa kukosa la kusema, nikasema nyuma ya ile stoo ni njia ya tembo.

Mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, alijifunga khanga upya. Mji huu uko mlangoni mwa hifadhi, hakuna anayehitaji kuelezwa tembo ni nini. Padre akauliza kama nina ushahidi. Nikasema upo.

Haupo. Nimetoka jasho njia nzima. Nimemdanganya Padre, tena kuhusu nyumba ya Mungu! Sebuleni kuna picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Nimekula chakula cha jioni nikiwa nimeipa mgongo.

Alhamisi, 12 Juni

Mlinzi wangu Moringe ni Mmasai asiyeogopa kitu chochote, jambo ambalo huwa linanikera. Jana nilimtuma akaniletee mavi ya tembo. Hakuuliza ya nini. Ameleta kiroba kizima. Akaniambia mavi haya ni ya dume, anatembea peke yake, na hayuko mbali. Nikamjibu kwamba sikuomba maelezo.

Alfajiri nikapenya kwenye ua. Nikapiga magoti nyuma ya stoo na kuyapanga kwa mikono, rundo hapa, rundo pale, ili yaonekane ya mnyama aliyekuwa na safari zake. Kila jani lilipotikisika nilijua ni mwenye mali amekuja kuuliza. Kisha nikasikia viatu. Padre! Anakwenda kuandaa Misa ya asubuhi. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikabaki nimepiga magoti, nikafumba macho, nikaunganisha mikono yangu michafu.

Akapita taratibu. Nilipofungua jicho moja, nilimwona amesimama mbali, ananibariki.

Ijumaa, 13 Juni

Mavi yameonekana. Hakuna aliyeogopa hata kidogo!

Budeba alisema ni mbolea safi, akayazoa kwa ajili ya bustani ya maua ya kikanisa. Akina mama wa WAWATA wakagombania yaliyobaki, kwa kuwa moshi wake unafukuza mbu. Padre alifurahi, akasema hata tembo wameleta zaka. Oliver amerudi na fungu lake, amelibeba ndani ya beseni langu la kilabuni. Jioni hii amelichoma sebuleni. Nimekaa ndani ya moshi wa hila yangu mwenyewe, natokwa machozi, na Moyo Mtakatifu ananiangalia kupitia moshi huo huo.

Jumatatu, 16 Juni

Kamati imenituma Kilosa kwa fundi Abubakari, pale Magomeni, kukagua viti vya kupigia magoti. Njiani nikapata wazo zuri mpaka nikacheka peke yangu. Jirani yangu kwenye gari akasogea.

Mlango wa stoo ni mwembamba. Budeba huingia kwa ubavu. Basi nikamwambia Abubakari kwamba vipimo vimebadilika, viti vyote viongezwe upana. Visipoingia, hakuna pa kupigia magoti. Hakuna magoti, hakuna kuabudu! Abubakari aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Alisema yeye ni Mwislamu, lakini kazi ya nyumba ya ibada, iwe ya nani, anaogopa kuikosea. Nikasema nina hakika. Maneno yake yamenikaa tumboni hadi sasa.

Kurudi, gari likapata pancha porini. Abiria wote wakashuka kununua miwa. Mimi nikabaki ndani na rozari. Nikaahidi kwamba tukifika salama, naacha hila zote. Tumefika salama.

Alhamisi, 19 Juni

Viti vimeletwa. Havikuingia! Nilisikitika mbele za watu na kushangilia ndani ya moyo. Nikasema kwa huzuni kwamba labda ni mapenzi ya Mungu.

Budeba akaleta nyundo. Amebomoa ukuta wa nyuma mpaka viti vikapita vyote. Walipoanza kuziba, Padre akasema mwanga umekuwa mzuri, wasizibe pote. Wamejenga nusu, na nusu imekuwa dirisha kubwa lisilo na kioo wala wavu. Sasa mtu akipiga magoti kikanisani anakiona kilabu changu chote, kuanzia jiko hadi mlango wa choo.

Nimekosa usingizi wa mchana. Watanihesabia kila mteja.

Ijumaa, 20 Juni

Nimebakiwa na silaha moja, nayo ni harufu. Machicha ya pombe huchukuliwa kila siku na mwenye nguruwe. Nimemwambia asije. Nimeagiza machicha yote yamwagwe kwenye ua, chini kabisa ya dirisha lile. Hadi kufika Jumapili hakuna pua itakayovumilia kusali pale.

Moringe aliliangalia rundo, akasema:

“Mzee, yule dume anapenda sana hii.”

Nikamwambia yeye alinde mlango.

Jioni Padre akaja nyumbani. Nikajua ni habari ya machicha. Kumbe amenipa zamu ya kwanza kabisa ya kuabudu, Jumatatu saa nne, na Budeba ndiye atakayenipokea. Alisema hajasahau alivyonikuta alfajiri ile, peke yangu, nimepiga magoti kwenye umande. Oliver alilia kwa furaha. Nami nilitaka kulia, kwa sababu zangu.

Jumapili, 22 Juni

Kimefunguliwa. Maandamano, ubani, watoto na maua. Bustani ya Budeba imependeza, mbolea ni yangu. Harufu ya machicha ipo, lakini ubani umeifunika.

Padre akaeleza utaratibu, nami nikazidi kunywea. Ekaristi ikishawekwa wazi altareni haiachwi peke yake hata dakika. Wa zamu inayofuata asipofika, unabaki. Nikauliza, mtu akishikwa na tumbo je? Atafute wa kumshikia, la sivyo anabaki. Mvua ya mawe? Anabaki. Budeba alinitazama kama vile anajua kitu.

Naandika ukweli hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Sijawahi kukaa kimya saa nzima. Nadhani nilifungua kilabu ili nisikae kimya. Kesho nitakuwa mimi na Yesu, na hakuna spika. Naogopa ataniuliza jambo.

Jumatatu, 23 Juni

Sijui nianzie wapi. Nitaandika hivyo hivyo.

Saa nne niliingia. Padre akaweka Ekaristi altareni, akapiga magoti, akatoka. Nikaanza Baba Yetu. Katikati nikajikuta naangalia mapipa yangu dirishani. Kisha pipa moja la kando ya ua likaondoka. Likaenda juu!

Mkonga. Dume, mkubwa kuliko stoo. Alimaliza machicha yote hatua chache kutoka nilipokuwa, nikisikia tumbo lake linavyonguruma. Akaukanyaga ua, akaingia kilabuni kama mteja wa siku zote, akatumbukiza mkonga kwenye pipa la pombe. Nje watu wanapiga yowe na kukimbia. Nilimwona Budeba anakuja mapema kupokea zamu. Akamwona dume. Akageuka na kuingia sakristia, na komeo nikalisikia.

Nikainuka nikimbie. Nikaangalia altare. Nikiondoka, Yesu atabaki peke yake na tembo, na tembo huyo nimemwalika mimi. Nikapiga magoti tena.

Hapo dume akang'oa bati la jiko, nikakumbuka Oliver. Asubuhi alisema anakwenda jikoni kusafisha vyungu.

Hofu zote nilizoandika humu zilikuwa mchezo. Hii ndiyo yenyewe. Sikuweza hata kumwita. Nikasema: Bwana, chukua kilabu. Chukua mapipa, spika na mabati, nitahama kabisa hapa, ila niachie Oliver. Sikuwa na hila hata moja kichwani. Nilisema hivyo hivyo, tena na tena, jiko likianguka.

Mlango ukafunguka. Oliver! Kiatu kimoja, masizi usoni, mzima. Akapiga magoti kando yangu akihema. Kisha akaninong'oneza.

“Baba Loveth, nenda kaokoe mali yako. Mimi nipo, nitabaki na Yesu.”

Loveth ni binti yetu, anasoma Morogoro. Oliver huniita hivyo jambo likiwa zito. Basi ruhusa nilikuwa nayo. Mtu wa kunishikia zamu yupo, mlango uko wazi, na mali yangu inaliwa mbele ya macho yangu. Sikuinuka. Sijui kama ilikuwa imani au magoti yalikuwa yamekufa. Nilimshika mkono na kumwambia, “Hapa hapa.”

Tukakaa. Dirisha lilituonyesha kila kitu, spika ikikanyagwa, benchi likipasuka, bati la mwisho likienda chini. Sikuhuzunika. Palikuwa kimya ndani yangu, na sikukiogopa. Askari wa wanyamapori walipofika na baruti, dume aliondoka polepole, miguu ikipishana. Padre alitukuta bado tumeshikana mikono. Alifunika uso wake kwa mikono.

Alhamisi, 26 Juni

Mimi ni mtu mkubwa! Mji mzima unasema mali yake iliangamia, naye hakuinua goti. Wageni wamekuja kuona alama za magoti yangu kwenye kiti. Nimechaguliwa mwenyekiti wa waabuduji, na aliyependekeza jina langu ni Budeba mwenyewe, macho yake chini. Amejitolea pia kunijengea kilabu kipya kwa miti yake na mikono yake, kwenye kiwanja kule barabara ya Kilosa. Ni mbali na kikanisa, na mbali na tembo.

Oliver aliniuliza taratibu nilimwambia nini Yesu siku ile, kwa kuwa aliona midomo yangu inakwenda. Nikasema ni siri ya sala.

Nimefikiri sana. Kwenye kiwanja kile hapiti mtu mwenye kiu. Ni kweli nilisema nitahama. Sikusema lini.

Na leo bwana mifugo amenifungua akili. Amesema tembo huogopa nyuki, mizinga ikitundikwa kwenye ua hawasogei tena. Nikamwuliza, na watu je? Akasema watu nao hukaa mbali. Nikamshukuru mara nyingi. Kamati imekubali bila swali, kwa sababu aliyependekeza ni mwenyekiti wa waabuduji, mtu aliyeteswa na tembo. Watu wakikimbia kikanisa wenyewe, kosa litakuwa la nani? Kilabu kitajengwa pale pale.

Moringe ndiye atakayetundika. Alisema nyuki hawa ni wakali, akauliza wanaosali chini ya dirisha itakuwaje. Nikamwambia yeye alinde mlango.

Mizinga itatundikwa Jumatatu asubuhi. Zamu ya saa nne ni yangu, na Oliver ameomba tuwe tunaabudu pamoja, kando kwa kando, kama siku ile. Dirisha bado halijawekwa wavu. Hofu kidogo ninayo, lakini nimeshapanga kuvaa koti zito la rangi ya kijivu, na nyuki watazoea kujua mwenyekiti ni nani. Picha ya Moyo Mtakatifu nimeihamishia chumba cha wageni.