Mistari Mia ya Vitu vya Mbao

Mwezi wa Matofali, siku ya 3. Shule.
Baba amesema nisipokabidhi orodha ya vitu vya mbao, mistari mia yote, kufikia siku ya 7, masomo basi. Nitahamia kwa mjomba kukanyaga udongo wa matofali. Nina mistari sita. Mkono unauma. Elletum, ninayekaa naye benchi moja, ameshamaliza na kibao chake cha udongo kimekauka. Ameniuliza kama nangoja kalamu yangu ya tete iote mizizi.

Siku ya 4. Shule.
Njia imepatikana. Elletum alipokwenda kula, nilipaka kibao chake majivu, nikakandamiza udongo mbichi juu yake. Kufumba na kufumbua, mistari mia. Nilipobandua, maandishi yote yalikuwa yamegeuka kinyume na kuvimba kama vipele. Si neno. Kikikauka, nitakandamiza udongo mwingine juu yake, na yatarudi sawa. Nimepiga hesabu mara mbili.

Siku ya 5. Mapumziko.
Wenzangu wameenda kuogelea. Mimi nimeshinda juani nikigeuza kibao na kufukuza mbuzi.

Siku ya 6. Shule.
Kimetoka safi. Nimefuta jina la Elletum, nimeandika langu. Mimi si mjinga.

Siku ya 7. Shule.
Baba wa Shule, mwalimu wetu mkuu, alisoma akitabasamu mpaka akafika kwenye kona ya kibao. Kumbe Elletum akikosea huking'ata kibao kwa hasira. Alama za meno zilikuwepo, na pengo katikati.

"Mwanangu, hebu fungua mdomo."

Nikafungua. Meno yangu yote yapo. Kaka Mkubwa, msaidizi wake, alicheka hadi fimbo ikamdondoka.

Mzee hakunichapa. Alinipa udongo, akanisomea mistari kumi. Niliandika yote bila kosa. Akaniuliza, mwandiko mzuri hivi, nilikuwa nakimbia nini? Amemwomba baba anipe nafasi: asubuhi nikanyage udongo, jioni niandike. Orodha ikikamilika, nirudi darasani.

Siku ya 8. Kwa mjomba.
Udongo hadi magotini. Mjomba ananiambia, "Bwana Mwandishi, kanyaga na kule." Hata hivyo nimeona jambo. Kila tofali la hekalu linapigwa muhuri wenye jina la mfalme. Pigo moja, jina zima, na mpigaji anatafuna kitunguu. Sasa nimeelewa nilipokosea: nilitumia kibao cha mtu. Jioni sikuandika. Nimetafuta ubao wa kuchonga muhuri wangu mwenyewe. Kazi yenyewe ni ndogo: mistari mia, kinyumenyume.