Cheti cha Mashua Nzito

Jumatatu, 3 Machi

Sijakaa chini tangu asubuhi. Mke wangu kanipa kauli ya mwisho, tena kabana pini mdomoni: nisipopata kombe safari hii, mashua inauzwa. Kasema miaka saba inamlia nafasi uani, na faida yake pekee ni mlingoti wa kuanikia vitambaa. Mnunuzi yupo tayari. Kaka yake! Shemeji yule yule aliyenishinda miaka saba mfululizo, na kila mwaka hunipa pole kwa sauti ya juu mbele za watu.

Nikiikosa mashua ile sijui nitafanya nini na Jumamosi zangu. Nitakufa, nadhani.

Lakini dawa ninayo. Kabla ya mashindano kila mashua hupimwa na kupewa cheti. Iliyo nzito na ya polepole hupunguziwa dakika kwenye muda wake, ili wote wawe sawa. Shemeji kapewa punguzo la dakika nne. Mimi nataka ishirini. Mimi ni fundi saa. Dakika ndiyo kazi yangu!

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga duka saa nne. Wateja wasubiri. Nimepakia mifuko sita ya mchanga, betri mbili za lori, nanga ya ziada na mlango wa chuma wa stoo. Nimeizunguka mashua mara kumi. Bado naiona nyepesi. Jirani kauliza kama tunahama. Nimemjibu kwamba nafanya usafi.

Mpango ni huu: inapimwa nzito, inashindana nyepesi. Nashangaa hakuna aliyewahi kuufikiria.

Jumatano, 5 Machi

Mke alipotoka kwenda kununua vifungo, nikaibeba na cherehani yake ya mkono. Chuma kitupu! Nilitaka iwe imerudi mezani kabla ya mchana.

Mpimaji wa klabu ni mama mstaafu, zamani alikuwa akikagua mizani za sokoni. Tunamwita Mama Mizani. Kaining'iniza mashua kwenye winchi, kasoma kilo. Kauliza mlango wa nini. Nikasema ni meza ya ramani. Na cherehani? Ya kushonea tanga likichanika. Kila kitu kakiandika, kisha kakipaka doa la rangi nyekundu. Kanipa fomu, kasema nisome vizuri nitie sahihi. Nikatia sahihi. Nani asome wakati dakika zake zimeandikwa pale chini? Kumi na tisa!

Nilipoanza kupakua, Mama Mizani kaniambia kwa upole kwamba kisiondoke kitu hadi mashindano yaishe. Nilivyopimwa ndivyo nitakavyoshindana. Kikipungua kimoja, cheti kinafutwa. Eti imo kwenye fomu, mstari wa kwanza kabisa.

Alhamisi, 6 Machi

Mke ana sare thelathini za shule za kumaliza kufikia Jumatatu. Nimejieleza jikoni. Nimejieleza sebuleni. Kisha nimejieleza nje ya mlango uliofungwa.

Akaenda klabuni na vitambaa vyake, akaingia ndani ya mashua, akaanza kushona humo humo. Watu wanachungulia dirishani. Katibu kaniuliza kama naye kapakwa rangi. Shemeji kampelekea dada yake mto wa kukalia. Mnafiki mkubwa!

Jumamosi, 8 Machi

Mke kagoma kushuka. Kasema cherehani yake haiachi tena mikononi mwangu, na sare bado nane. Basi tukaondoka wote.

Upepo hafifu. Shemeji akatokomea mbele. Sisi tulikaa majini kama kiboko. Cherehani ilikuwa na mwendo kuliko mashua.

Nikavumilia. Nikashindwa. Nikaanza kumwaga mchanga, mfuko baada ya mfuko, upande usioonekana. Mke katoa kichwa, kauliza nini kinamwagika. Nikasema napima kina cha maji. Mashua ikaamka! Mifuko minne tupu, yenye madoa mekundu, ilinikodolea macho. Ilihitaji kitu cha kujaza. Mke alipopanda juu kupunga hewa, nikatazama huku na huku ndani. Kulikuwa na vitu vingi, vimekunjwa vizuri.

Tukamaliza dakika kumi na nne nyuma ya shemeji. Kwa cheti changu nimemshinda kwa dakika moja! Nimempa pole kwa sauti iliyofika hadi barabarani. Mke kacheka, kanishika mkono. Kwa muda ule nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote pale klabuni.

Ndipo Mama Mizani akapanda na orodha. Betri, zipo. Nanga, ipo. Mlango, upo. Cherehani, ipo pamoja na mwenyewe. Mifuko, sita. Akaunyanyua mmoja kwa kidole. Ukanyanyuka. Ukachomoza mkono wa shati la shule.

Cheti kimefutwa. Mke akazitoa sare mifukoni, moja moja, akizihesabu.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaja na trela, kaichukua mashua. Uani kweupe. Nimelia kidogo nyuma ya nyumba, sioni aibu kuandika. Mke kanipa pasi na sare ishirini na mbili zenye mchanga.

Nilikuwa kwenye ya tatu nikakumbuka: mwenye mashua akibadilika, lazima ipimwe upya. Nikaiacha pasi, nikamkimbilia shemeji hadi njia panda. Nimemwambia kosa lilikuwa mchanga. Mchanga unaonekana. Mashua ile ina matangi mawili makubwa chini ya sakafu, na maji nani atayahesabu?

Kasema atafikiri. Anafikiri! Nimerudi mbio, nimekuta shati moja limeungua. Mpira wa maji nimeshauweka karibu na mlango.