Ugomvi Usiofikia Kiwango

Idara ya Migogoro ya Wazazi ilitangaza, kwa furaha kubwa na kwa bango lililofunika madirisha mawili, kwamba kuanzia mwezi huo hakuna mtoto atakayeamuliwa malezi pasipo ugomvi wa kutosha.

Mkurugenzi wa Idara alilitunga tangazo hilo mwenyewe, akalisoma mbele ya kioo cha chooni, akaridhika. Hoja yake ilikuwa nyeupe kama pamba. Mahakama hugawa kinachogombewa. Kisichogombewa kitagawiwaje?

Palikuwa na sababu nyingine, ambayo haikupata nafasi kwenye bango. Idara ilikuwa imetoka kupaka rangi Chumba cha Malezi ya Mpito, mahali pa kuwahifadhi watoto ambao malezi yao hayajaamuliwa, na Waziri alikuwa anakuja Ijumaa kukizindua. Chumba kilikuwa na kitanda kidogo, farasi wa plastiki na utepe mlangoni. Kilikosa mtoto tu.

Jumatano wakaingia hawa watatu. Baba alikuwa fundi friji, mama alikuwa muuguzi wa zamu, na katikati yao binti wa miaka sita ambaye meno ya mbele yalikuwa yamemkimbia. Wazazi walikuwa wameachana bila kurushiana hata kijiko. Mama akiingia zamu ya usiku, mtoto hulala kwa baba. Akitoka zamu, mtoto hurudi kwa mama. Walitaka amri ya mahakama tu, maana shule ilikuwa imekataa kumwandikisha mtoto wa wazazi walioachana bila hiyo amri.

"Mnagombea nini?" aliuliza Mkurugenzi.

"Hatugombei, mzee," alisema baba. "Tumeshakubaliana."

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma, kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyechelewa kuja. "Basi hapo ndipo penye tatizo."

Akawafafanulia Mwongozo, ambao pia aliuandika yeye. Sauti ipande. Kidole kifike usawa wa pua ya mwenzako. Makaburi yafukuliwe. Ukoo utajwe. Ugomvi ukipungua hapo, mtoto anahesabika hana wa kumgombea, naye atawekwa Chumba cha Mpito.

Mama alimvuta binti yake karibu. "Kwa muda gani?"

"Mpaka mtakapokosana."

Wazazi wakatazamana. Baba akasimama, akajikohoza, akanyoosha kidole kama mtu anayeonyesha njia ya kwenda stendi.

"Wewe mwanamke," alisema, "umenikosea sana."

"Nimekukosea nini?"

"Sijui. Sema wewe uliyekosa."

Mama alikaza uso, cheko likamtoka puani. Binti akamnong'oneza, "Mama, mseme kwa viatu anavyoacha mlangoni."

"Fukueni makaburi," Mkurugenzi aliwahimiza. "Mmeishi pamoja miaka yote hiyo, hamkosi maiti."

Mama alifikiri. Sasa alikuwa amekiona kile kitanda kidogo kupitia mlango uliokuwa wazi. "Siku ile ya mvua," alisema, "ulisahau kumchukua chekechea. Nilimkuta getini, amelowa chepechepe, na mlinzi amemfunika na koti."

Mkurugenzi alichukua kalamu. Hapa pana kitu.

"Kweli," alisema baba, kidole kikashuka chenyewe. "Samahani. Mpaka leo nikisikia mvua roho hainitulii."

Kalamu ikarudi mezani. Katika taaluma nzima ya migogoro hakuna neno linaloharibu kazi kama hilo. Mkurugenzi akaandika kwa masikitiko: ugomvi haujafikia kiwango. Kesho wangekwenda mbele ya Hakimu, na mtoto aje na nguo za kubadilisha.

Alhamisi asubuhi Hakimu, mama wa makamo aliyesukumia miwani yake kwenye paji la uso, alimwomba Mkurugenzi aeleze anachotaka.

"Nikabidhiwe mtoto, Mheshimiwa. Wazazi wameshindwa kabisa kushindwana."

Kabla hajaketi, mlango ulisukumwa. Aliingia Msajili wa Maridhiano, ambaye ofisi yake ilitazamana na ya Mkurugenzi na ambaye tangu lile bango hakuwa amepata mteja hata wa kuuliza choo.

"Samahani, Mheshimiwa. Waliokubaliana ni wateja wangu. Mtoto ni wangu. Na chumba chenyewe kiko kwenye korido yangu."

"Korido ni yako, mlango ni wangu," alisema Mkurugenzi.

"Mlango bila korido utaufikia kwa kuruka?"

"Waziri atapokelewa na mimi."

"Na hilo tumbo utalipitisha wapi, utepe ukiwa umeshikwa na mimi?"

Sauti zikapanda. Wahenga walisema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Safari hii nyasi zilikuwa zimekaa kwenye benchi la nyuma zikigawana chungwa, baba akitoa mbegu, mama akifuta kidevu cha mtoto. Mbele yao kidole cha Mkurugenzi kiliipita pua ya Msajili na kugusa miwani yake. Msajili akauliza ni nani aliyeacha bomba wazi likaozesha zulia la ghorofa nzima. Mkurugenzi akajibu kwamba ukoo wa Msajili unajulikana, hata msibani hugombea viti.

Hakimu alishusha miwani, akafungua Mwongozo, akausoma taratibu, mara mbili.

"Nawapongeza," alisema. "Huu umefikia kiwango. Tena umezidi."

Wote wawili wakainamisha vichwa kwa shukrani.

"Wanaogombana ni ninyi, kwa hiyo kesi ni yenu. Mtoto si wenu, atabaki na wazazi wake kama walivyopatana, na amri yao naitia saini sasa hivi. Chumba nakigawa. Mtakilea kwa pamoja, wiki yako, wiki yake. Funguo mtakabidhiana kila Jumamosi, mbele ya wasimamizi." Akatazama benchi la nyuma. "Jengo hili zima, naona wanaojua kukabidhiana ni hawa."

Ijumaa Waziri alikata utepe, akatazama kitanda kitupu, akausifu utulivu wa watoto.

Jumamosi Mkurugenzi alikaa kwenye benchi la korido pamoja na baba, mama na binti yao, akimsubiri Msajili mwenye funguo. Mikono ilikuwa mapajani. Alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana nyuma ya meza.

"Amechelewa makusudi," alilalamika.

"Atakuja," alisema baba. "Akifika usianze na ya juzi."

"Nianze na nini?"

"Habari za asubuhi," alisema mama. "Halafu nyamaza. Hapo ndipo pagumu."

Mkurugenzi akayajaribu maneno mdomoni, polepole, kama mtu aliyepewa chakula asichokijua. Viatu vya Msajili vikasikika kwenye ngazi. Akasimama, miguu ikakataa kwenda.

Binti aliteremka kwenye benchi, akamsukuma mgongoni kwa viganja viwili.

"Nenda tu," alimwambia. "Sisi tuko hapa hapa."