Sauti ya Bei Ghali

Javan Kweyu alikuwa amepiga magoti nyuma ya kabati la Bwana Patrobas Nabiswa, kule Buruburu, akipangusa vumbi kwenye mashine ya CD, aliposikia maneno yaliyomfanya aache kupangusa.

"Kabiru anasema muziki wangu unalia kama mbu ndani ya mkebe," Nabiswa alikuwa akimwambia mkewe. "Mbele ya watu, tukitoka kanisani."

Fundi mwingine angemaliza kazi, akapokea chake na kurudi kibandani kwake Mbotela. Javan hakuwa fundi mwingine. Redio alijua kuzitengeneza, hilo hakuna aliyelipinga, lakini kipaji alichojaliwa hasa kilikuwa cha kujua mahali mtu anapowashwa na kumkuna hapo hapo, taratibu, huku mkono wa pili ukitafuta mfuko. Tena alikuwa na haja. Aliweka akiba akodi duka mjini, duka lenye kioo na jina lake juu ya mlango, na akiba ilikuwa ikikua kwa uvivu kama nywele za mzee.

Akainuka.

"Samahani mzee, nimesikia bila kutaka. Bwana Kabiru hajakosea sana."

Nabiswa, karani mkuu wa wizara, ambaye hakuzoea kusahihishwa sebuleni kwake, akavua miwani.

"Kosa si lako," Javan akaendelea kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya. "Ndani ya CD hakuna wimbo. Kuna hesabu tupu, namba juu ya namba. Lazima kitu kizigeuze zile namba ziwe sauti. Kwenye mashine yako kigeuzi kipo, kidogo hivi, kama ukucha, cha bei ya karanga. Kinageuza, ndiyo, lakini mengi kinayaacha njiani. Pumzi ya mwimbaji, kwa mfano. Ushawahi kumsikia akivuta pumzi kabla ya kuimba?"

Nabiswa akafikiri. "Sijawahi."

"Si umeona."

"Na kuna vigeuzi vya bei kubwa?"

"Vipo," Javan alisema, akatazama pembeni kama mtu aliyejutia kuropoka. "Lakini hayo tuyaache, mzee. Vinatoka ng'ambo. Wazungu wenyewe wanavigombania."

Wiki iliyofuata alirudi amekumbatia sanduku jeusi la chuma kama mtoto mgonjwa. Ndani mlikuwa na kigeuzi alichoking'oa kwenye mashine mbovu iliyonunuliwa sokoni Gikomba kwa bei ya chakavu, ndugu wa tumbo moja na kile cha bei ya karanga. Chini yake alikuwa amefunga kwa nati kipande cha reli, ili sanduku liwe na heshima. Javan alikuwa amewachunguza binadamu akagundua kwamba kitu kizito hakiulizwi maswali.

Kabiru, jirani mwenye duka la vipuri vya magari, aliitwa ashuhudie. Alikuja na uso wa mtu aliyekuja kucheka. Javan akaweka CD ya kwaya, ikaimba kwanza kutoka kwenye mashine yenyewe. Kisha akabadilisha nyaya na kuwaomba wafumbe macho, kwa sababu macho, alisema, hunyonya nguvu za masikio. Walipofumba, kidole chake kikapita kwenye kitufe cha sauti na kukizungusha kiasi cha unywele. Unywele tu. Sikio likiongezewa sauti kidogo namna hiyo halimwambii mwenyewe kwamba sauti imepanda. Linamwambia kwamba imekuwa tamu.

"Pumzi," Nabiswa alinong'ona. "Nimeisikia."

"Hata mimi," alisema Kabiru, na ilionekana imemuuma.

Triza, mke wa Nabiswa, hakuwa amefumba macho. Alikuwa mlangoni na sinia la chai. Yeye aliuza mitumba, na mtu akimsifia mteja bidhaa, Triza hutazama mikono yake, mdomo anauacha useme. Alikiona kidole. Akaweka chai mezani, akauliza nani anatumia sukari.

Nabiswa alilipa kwa pesa zilizokuwa zimetengewa viti vipya vya sebuleni. Kabla juma halijaisha, Kabiru alifika Mbotela kwa siri akitaka kama cha Nabiswa, ila kikubwa zaidi. Javan akamtengenezea kikubwa zaidi. Kilikuwa na vipande viwili vya reli.

Akiba ikatimia. Javan alikubaliana na mwenye duka la mjini kwamba Jumatatu angepeleka malipo. Ijumaa mchana Triza akatokea kibandani, leso begani, uso umechoka.

"Fundi, naomba unisaidie. Kaka yangu alikuwa akimpikia mzungu wa studio. Mzungu amerudi kwao, amemwachia sanduku kama lile letu. Mzee yuko safari ya kikazi. Akirudi akalikuta atataka kulinunua, na nyumbani hatutakula tena. Wewe unajua wanunuzi."

"Nitaliangalia, mama. Siahidi kitu."

Sebuleni, sanduku jeusi la Javan lilikuwa limeshushwa sakafuni. Juu ya kabati palikaa jingine la rangi ya fedha, lenye taa ndogo ya kijani, nyaya nene zikitoka nyuma yake na kuzama nyuma ya kabati.

"Nyaya usiziguse, kaka amezifunga kwa shida," Triza alisema. "Kaa. Si mnafumba macho?"

Kwaya ikaanza. Javan alifumba jicho moja, la pili likalinda kitufe cha sauti, maana ujanja huo aliujua. Lakini Triza alikuwa amekaa mbali, mikono mapajani. Hapakuwa na mchezo wowote. Basi akalifumba na la pili, na hapo akasikia. Nyuma ya sauti nene mtu aligeuza ukurasa. Kiti kililia. Halafu kwaya nzima ikavuta pumzi kwa pamoja, na nywele za shingo zikamsimama. Maisha yake yote aliuza kitu asichokiamini, kumbe kipo. Akaona haya kidogo. Kisha, kama ilivyokuwa kawaida yake, haya ikageuka hesabu: mama huyu hajui alichonacho, na Kabiru atatoa chochote.

"Si kibaya," alisema.

Triza akataja bei. Ilikaribia kumaliza akiba yote ya duka. Javan akalalamika kwa ajili ya adabu tu, akalipa haraka kabla mama hajabadili mawazo, naye Triza akazichomoa nyaya mwenyewe.

Kibandani alikiunganisha. Kimya. Akabadilisha nyaya. Kimya. Akafungua skrubu. Ndani mlikuwa na pasi ya makaa, betri za tochi na kibalbu cha kijani. Zile nyaya nene hazikuwa zimefika popote. Kwaya iliyomsimamisha nywele ilikuwa imetoka kwenye mashine yenyewe, kwenye kigeuzi cha bei ya karanga.

Kesho yake alasiri aliingia Buruburu na sanduku kwapani, akirudia moyoni maneno makali. Mlango ulikuwa wazi. Nabiswa alikuwa amerudi safari, na kando yake alikaa Kabiru, mikono yake ya kubeba injini imefungwa kifuani.

"Fundi, umekuja wakati mzuri," Triza alisema kabla Javan hajafungua kinywa. "Nabishana na hawa. Mimi nasema kigeuzi cha bei ghali na cha bei rahisi vinalia sawa, mtu anasikia bei tu. Wewe ndiye mtaalamu. Kuna tofauti, au hakuna?"

Wanaume wawili walimgeukia, wote wamenunua reli kwake.

"Na hilo umebeba ni nini?" Kabiru akauliza.

"La mteja."

"Linaonekana zito," alisema Triza.

"Zito, mama."

"Kwa hiyo tofauti ipo?"

Javan alilitazama duka la mjini likiondoka na kioo chake.

"Ipo," alisema. "Kubwa sana."

"Basi nimeshindwa," Triza alisema, akaenda kumletea kikombe.

Nabiswa akamvutia kiti, akaweka ile CD, akamwambia afumbe macho. Javan akafumba, pasi mapajani, akaisikiliza kwaya kupitia kipande cha reli kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Na kila mara wale wawili waliponyanyua kidole na kuuliza, "Hiyo pumzi, umeisikia?", alijibu kwa upole kwamba ameisikia.