Ombi la Kurudishiwa Mtoto wa Kawaida

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi,
Hapa hapa mtaani.

Kuhusu: Binti yangu wa darasa la kwanza, ambaye nyumbani tunamwita Chiriku

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Shikamoo. Najua nimekuzidi umri, lakini leo mwenye shida ni mimi, kwa hiyo naamkia mimi.

Mimi ni fundi baiskeli. Karakana yangu iko nyuma ya duka la dawa, ile yenye matairi yaliyoning'inia mlangoni. Sijazoea kuandika barua, na hii nimeirudia mara nne, hivyo naomba kwa heshima isomwe hadi mwisho.

Muhula uliopita mwalimu wa darasa alituita mimi na mama watoto. Tuliketishwa kwenye viti vya wanafunzi, magoti yakanifika kidevuni, ndipo tukaelezwa kwamba Chiriku, mwenye miaka sita, humaliza kazi wakati wenzake bado wanachonga penseli, kisha huingia chini ya dawati kuzungumza na sisimizi. Nikajua tumeitiwa utovu wa nidhamu. Mwalimu akasema, "Hapana, wazazi wangu. Mtoto wenu ana kipaji." Mama watoto alilia kwa furaha. Mimi niliuliza kama kuna dawa.

Shule ikaandaa mpango wa kumsaidia, wa kurasa tatu, nami nikautia sahihi bila kuusoma kwa kuwa miwani nilikuwa nimeiacha karakanani. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Haya yafuatayo ni ya shule.

1. Daftari la maswali. Mwalimu wa vipaji alimpa Chiriku daftari na kumwagiza aandike maswali kumi kila siku, kisha amuulize mtu mzima aliye karibu. Mheshimiwa, mtu mzima aliye karibu ni mimi. Siku ya kwanza aliuliza kwa nini baiskeli ikitembea husimama wima na ikisimama huanguka. Nilikuwa nimebana tyubu mdomoni. Nikamjibu kwamba ikitembea haina muda wa kuanguka. Aliandika jibu langu kwa utulivu, na pembeni akaongeza: "Baba anakisia." Daftari lilirudi kutoka shuleni na alama kubwa ya vema na neno "Safi sana!" Vema hiyo haikuwekwa kwenye jibu langu.

2. Hesabu. Mpango unasema kipindi cha hesabu ahamie darasa la tatu. Darasa la tatu yuko dada yake. Mkawaweka dawati moja! Siku moja mwalimu aliuliza swali, dada mtu akanyamaza, na Chiriku akanyoosha kidole na kusema, "Dada analijua jibu, ila anaogopa." Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma zaidi. Tangu hapo dada mtu huumwa tumbo kila siku yenye hesabu, yaani siku zote tano, na Jumamosi hupona.

3. Mradi wa kujichagulia. Nasikia watoto wengine walichagua kuotesha maharage kwenye kopo. Wa kwangu alichagua Usingizi wa Mchana wa Watu Wazima. Alikaa sebuleni wiki mbili na saa ya ukutani, akihesabu mikoromo. Siku ya wazazi mama mkwe wangu alifika shuleni amevaa nguo yake ya kutokea, akaongozwa moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa miradi, na hapo akakuta mchoro wa rangi nne, yeye akiwa "Mlalaji Namba Mbili, dakika arobaini, mikoromo mia tatu na sita." Alisoma hadi chini. Kisha akauliza, kwa sauti iliyosikika hadi getini, Namba Moja ni nani. Namba Moja ni mimi. Kusema haki, hilo ndilo jambo pekee lililomtuliza.

4. Makosa ya jioni. Mwalimu wa vipaji alitueleza kwamba watoto wa aina hii huogopa sana kukosea, hivyo wazazi tukosee mbele yao na kukiri. Mimi nimekosea mbele ya watoto kwa miaka mingi bila kujua kwamba ni mbinu ya kitaalamu. Shida ni kukiri. Sasa kila jioni mezani kila mmoja hutaja kosa lake moja la siku. Jana mama watoto alitaja matatu, na yote yalikuwa yangu. Nilipolalamika, Chiriku alisema, "Baba, hapa hatukasiriki, tunajifunza." Hayo maneno si ya mtoto, Mheshimiwa. Hayo yametoka ofisini kwako.

5. Wateja. Baada ya masomo Chiriku hupitia karakanani. Muuza maziwa alileta baiskeli yake, nami nikamwambia kama ninavyomwambia kila mtu: "Breki imechoka." Chiriku akauliza, "Imechoka kufanya nini?" Muuza maziwa akanitazama. Kwa miaka kumi na moja hajawahi kunitazama hivyo. Ikabidi nifungue breki yote nimwonyeshe mpira ulivyolika. Keshoye akaja nesi wa zahanati, naye akataka kufunguliwa. Siku hizi hakuna baiskeli inayotoka kwangu bila maelezo, na wateja wameanza kukaa kwenye benchi kusikiliza baiskeli za wenzao. Nimelazimika kununua benchi la pili.

6. Hili la sita nilitaka kuliacha. Wiki tatu sasa Chiriku haniulizi kitu. Hupita mlangoni amelikumbatia daftari kifuani, anasema, "Shikamoo baba," anakwenda zake. Juzi nilimsimamisha. Nikasema, "Leo hakuna maswali?" Akasema, "Yapo, baba. Nimekuonea huruma." Nilikuwa nimeshika spana, na kwa muda nikasahau nilikuwa nafungua nati ipi.

Mheshimiwa, mimi niliishia darasa la tano. Nilikaa nyuma kabisa. Niliwahi kufungua kufuli ya kabati la mwalimu, nikaitoa vipande vyote na kuirudisha ikiwa inafanya kazi vizuri kuliko mwanzo, nikachapwa mbele ya shule nzima. Silalamikii hilo. Nataja tu ili uelewe kwamba wakati wetu kipaji kilishughulikiwa asubuhi moja, kikaisha.

Kwa sababu hizo zote naomba yafuatayo kwa unyenyekevu:

(a) Shule impime upya Chiriku na kutoa cheti chenye muhuri kwamba ni mtoto wa kawaida, kabla ya Ijumaa.

(b) Kama haiwezekani kumpunguza mara moja, basi awe na kipaji Jumatatu na Jumatano tu, siku nyingine apumzike, nasi tupumzike.

(c) Kama hilo nalo ni gumu, shule inipime mimi. Nikikutwa sina kitu, niandikishwe darasa la kwanza, dawati la nyuma, ili angalau nimfuate kutoka nyuma. Sare nitashona mwenyewe. Sitazungumza na sisimizi.

Naomba uniwasilishie salamu kwa mwalimu wa darasa, mwalimu wa vipaji (ambaye sina ugomvi naye binafsi), mwalimu wa hesabu wa darasa la tatu, mpishi, karani na mlinzi wa getini, ambaye namwambia hapa hapa kwamba mnyororo wake uko tayari.

Ni mimi mzazi niliyeelemewa,
Baba Chiriku,
Fundi Baiskeli

Tanbihi: Haya nayaandika nimesimama kwenye dirisha la karani, kwa kalamu yake. Asubuhi, nilipokwisha kumkabidhi barua hii, nilipita nje ya darasa la tatu. Chiriku alikuwa amesimama juu ya kiti, ameshika rimu iliyopinda, ambayo sasa najua ilipotelea wapi, anawafundisha wenzake: "Rimu ikivutia kulia, kaza spoku za kulia." Mwili wote uliniwasha. Niliingia bila kubisha hodi, nikasema, "Za kushoto!" Darasa zima likageuka. Chiriku akanitazama, akauliza, "Kwa nini?"

Mheshimiwa, hilo nalijua.

Nilianza kulieleza kabla ya mapumziko. Kengele ya kwenda nyumbani imetukuta tukiwa kwenye spoku ya kumi na tisa, dada mtu akizungusha, Chiriku akiandika, na mwalimu wa hesabu ameshika nipeli, vile vinati vya kukazia spoku, kwenye kiganja. Alhamisi narudi na gurudumu la nyuma, kwa kuwa la mbele ni jepesi mno kwa watoto wa kiwango hiki. Maombi (a), (b) na (c) yafutwe yote. Nimejaribu kuichukua barua, lakini karani anasema ikishagongwa muhuri ni mali ya ofisi. Basi isome, ila usifanye chochote.